Operesheni ni ndogo, lakini mwili ni uleule

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeomba nafasi katika jarida letu la familia. Hatutaki kuzungumza habari za mitihani wala za madawati. Tunataka kuzungumza juu ya karatasi za hospitali, kwa sababu zinatufikia mlangoni karibu kila juma. Mtu amepasuliwa asubuhi, jioni yuko nyumbani, mkononi ana karatasi ya Kiingereza, basi anamtuma mtoto: "Nenda kwa mwalimu, akusomee." Tunasoma. Na katika kusoma tumejifunza mambo ambayo si vizuri tukae nayo peke yetu.

Sisi si waganga, tumesoma sekondari tu. Lakini kusoma maandishi na kuuliza maswali ndiyo kazi yetu ya kila siku, na katika habari hii mambo hayo mawili yanaweza kumwokoa mtu.

Tunazungumza juu ya operesheni za kwenda na kurudi, zile ambazo mgonjwa halali hospitalini. Kupasua jipu, kutoa uvimbe chini ya ngozi, tohara, kung'oa jino, kushona jeraha la panga, na mahali pengine hata ngiri. Watu wanaziita ndogo. "Aa, ni kitu kidogo tu, saa sita atakuwa amerudi." Ni kweli kisu kinakata padogo. Lakini ganzi inaingia katika damu ileile, na uchafu ukiingia katika kidonda kidogo unaweza kuenea mwili mzima.

Tusidhani kwamba kurudishwa nyumbani siku ileile ni dharau kwa mkimbizi. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Glasgow kule Uskoti, James Nicoll, aliwaeleza madaktari wenzake habari ya operesheni 8,988 za watoto ambao walipasuliwa na kurudi kwao bila kulazwa. Aliona kwamba mtoto anakaa vizuri akiwa na mama yake. Lakini alisisitiza pia kwamba nyumba anayorudi mtoto iwe ya kufaa, na wauguzi walikuwa wakiwafuata nyumbani kuangalia vidonda. Leo hii Marekani operesheni nyingi zaidi zinafanywa kwa njia hiyo. Kwa hiyo njia yenyewe si mbaya. Hatari inakuja pale nyumba inapogeuzwa kuwa wodi na wenye nyumba hawajaambiwa.

Fikirini nyumba zetu. Vumbi la kiangazi, maji ya bomba kwa saa zake, kuni za kubeba kichwani, watoto sita kwenye mkeka mmoja. Halafu mtu analetwa na kidonda kibichi, na anayemhudumia ni bibi yake au mtoto wa darasa la tano. Hao ndio wauguzi wa zamu ya usiku. Je, wamepewa maagizo gani?

Tuwaambieni habari ya baba mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Fizi kama baadhi yetu. Alipasuliwa ngiri katika kituo kimoja ambacho hatukitaji. Akapewa vidonge, akapewa karatasi, akaambiwa "nenda kapumzike". Aliyekuwa anamhudumia nyumbani ni mke wa mtoto wake. Usiku tukaitwa kusoma karatasi. Mstari wa nne ulisema mgonjwa akishindwa kukojoa arudi mara moja. Tukamuuliza yule mzee. Akainamisha kichwa. Kumbe tangu asubuhi hajapata mkojo, tumbo la chini limejaa, na familia ilikuwa inamwongezea uji na chai wakidhani ana kiu. Yeye mwenyewe alinyamaza kwa haya, maana mzee hawezi kumwambia mkwe wake habari za mkojo. Vijana wakamfunga kwenye baiskeli vizuri, wakamsukuma polepole mpaka kituoni. Akawekewa mpira, mkojo ukatoka mwingi sana, akapona.

Kushindwa kukojoa baada ya operesheni ya ngiri ni jambo linalojulikana na waganga wote. Mpasuaji hakukosea kukata. Kilichokosekana ni maneno machache, yasemwe kwa lugha ambayo mzee anaelewa, mbele ya mtu ambaye mzee anaweza kumwambia aibu yake. Kwa hiyo tunapochagua mtu wa kumsindikiza mgonjwa, tusimchague yule mwenye nafasi tu. Tumchague yule ambaye mgonjwa hatamficha kitu.

Sasa turudi nyuma, kabla ya kisu. Jambo la kwanza ni jina. Mwezi Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, vijana wawili wenye jina moja la kwanza walipelekwa chumba cha upasuaji. Mmoja alitakiwa kupasuliwa goti, mwingine kichwa. Wakabadilishana: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule mwenye ugonjwa wa kichwani baadaye alifariki. Tanzania nzima ilisikitika. Hizo zilikuwa operesheni kubwa, katika hospitali kubwa, yenye wataalamu. Sasa katika foleni ya operesheni ndogo, watu ishirini asubuhi moja na kila mmoja dakika chache, jina linaweza kupotea kwa urahisi zaidi.

Na sisi hapa majina yetu mnayajua. Katika darasa letu moja tuna akina Bahati wanne, wawili wavulana na wawili wasichana. Akina Furaha na Riziki hawahesabiki. Tena karani anaandika anavyosikia: huyu anatia L, yule anatia R, kwenye kadi ya mgao jina la baba limetangulia na kwenye daftari la kliniki limekuja la babu. Mtu akiitwa "Bahati!" anasimama yeyote. Kwa hiyo usikubali kuingia kwa kuitwa jina moja. Sema majina yako yote, umri wako, kijiji chako, na ugonjwa uliokuleta. Usingoje muuguzi aseme "wewe ni Bahati wa uvimbe, siyo?" nawe ukaitikia kwa kutikisa kichwa. Sema wewe mwenyewe.

Jambo la pili ni upande. Wengi wetu tuliotoka Kongo tunasema mkono wa kuume, na wauguzi vijana wa hapa wamezoea kulia. Halafu ukisema "mtoto anaumwa kulia", mwingine anafikiri mtoto analia. Dawa yake ni rahisi: weka kidole mahali penyewe. Omba wapachore alama kwa kalamu kabla hujapewa dawa ya usingizi, ukiwa macho. Kwa jino vilevile, onyesha jino lenyewe.

Haya hatukuyatunga sisi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika chumba cha upasuaji. Yanasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa gani, pamba na sindano zimehesabiwa zikatimia? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, hapahapa Tanzania, pamoja na London na Toronto. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 walikuwa wanafariki 15. Baada yake wakawa 8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 110 mpaka 70. Kuulizana kwa sauti kulisaidia Toronto penye mashine za kila namna, kukasaidia na Ifakara.

Kwa hiyo mgonjwa anapoulizwa jina lake mara tatu asikasirike, eti "hawa wananidharau, nimeshasema". Wanamlinda. Na asipoulizwa hata mara moja, basi aseme mwenyewe.

Jambo la tatu ni yale ambayo mganga hawezi kuyaona kwa macho, mpaka tumwambie.

Kuna tumbo. Kama mgonjwa atapewa dawa ya kumlaza, asile chakula kwa muda wa saa 6 kabla yake. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Mtoto anayenyonya, ziwa la mama linasimama saa 4 kabla. Maji meupe matupu yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Sababu ni kwamba mtu aliyelala kwa dawa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Tunajua bibi anamwonea mtoto huruma, anampa kiazi njiani kwa siri. Kama amekula, semeni. Afadhali operesheni iahirishwe kesho. Kwa ganzi ya sehemu moja tu, kama ya jino, mara nyingi si lazima kukaa na njaa, lakini ulizeni.

Kuna uzito. Kipimo cha ganzi kinafuata kilo za mtu, na mtoto mdogo anaweza kuzidishiwa upesi. Mtu akianza kusema midomo inakufa ganzi, masikio yanalia, anasikia kizunguzungu, aseme palepale, maana baada ya hapo degedege linaweza kufuata. Kwa hiyo mtoto apimwe kwenye mizani siku hiyohiyo. Kilo za kadi ya mwaka jana si kilo za leo, hasa kwetu ambao posho inapanda na kushuka.

Kuna damu. Familia zenye ugonjwa wa seli mundu, ambao kule kwetu tunauita SS, waseme kabla. Mtu wa SS anahitaji maji ya kutosha, joto na hewa nzuri wakati wa kulazwa kwa dawa, la sivyo anaweza kupata maumivu makali na hatari. Na wazazi wenye watoto wa kiume, kabla ya tohara muulizane upande wa mama: kuna mjomba aliyevuja damu siku nyingi alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Ugonjwa wa damu kutoganda mara nyingi unapita kwa mama bila yeye kuumwa, unampata mtoto wa kiume. Hapo mtoto asiguswe na wembe mpaka daktari aambiwe. Mimba nayo isemwe, hata kama ni changa na baba mtu hajajua. Mzio wa penisilini usemwe. Dawa za kienyeji pia zisemwe, hakuna atakayekufunga kwa ajili ya mizizi.

Na hapa tuseme wazi juu ya wale wanaopasua watu nyuma ya duka la dawa, au wanaopita nyumba kwa nyumba kutahiri na kung'oa meno. Bei ni ndogo na foleni hakuna. Lakini muulizeni: vyombo umevichemsha wapi? Damu isipokata usiku tutakupata wapi? Katika nchi hii sheria ya mwaka 2017 inamtaka daktari, daktari wa meno na tabibu awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi naye ana baraza lake. Mtu ambaye hana daftari lolote lenye jina lake, siku ya matatizo atakuwa amehama.

Halafu kuna ile karatasi ya kutia sahihi. Wengi wetu tunaitia dole gumba kama vile tunapokea mafuta na maharage. Ile si karatasi ya kupokea. Inasema kwamba umeelezwa utafanyiwa nini, kwa nini, hatari zake ni zipi, na kama kuna njia nyingine, nawe umekubali. Kama hujaelezwa, hujakubali, hata ukitia vidole kumi. Una haki ya kusema, "Daktari, samahani, sijaelewa, naomba unieleze tena kwa Kiswahili chepesi." Kama ni Kibembe au Kifuliru au Kirundi ndicho unachokielewa, omba mkalimani.

Mkalimani awe mtu mzima. Tumeona mtoto wa miaka kumi akiambiwa amtafsirie mama yake habari za uvimbe wa titi. Mtoto yule alisema nusu, nusu nyingine alilia. Sisi walimu tukiitwa tunakuja. Lakini tumekubaliana jambo moja kati yetu: tunatafsiri maneno yote, ya pande zote mbili, na hatumwitikii mgonjwa. "Ndiyo" lazima itoke kinywani mwake. Baada ya maelezo tunamwomba ayarudie kwa maneno yake, kama tunavyofanya na wanafunzi darasani. Akiweza kurudia, ameelewa.

Tumefika nyumbani sasa. Kabla ya kutoka kituoni, ulizeni mambo haya na yaandikwe kwa Kiswahili: dawa gani, ngapi, lini, bandeji ibadilishwe lini na nani, nyuzi zitolewe siku gani, dalili zipi za kurudi haraka, na usiku twende wapi. Mnaposomewa dawa iliyoandikwa 1 x 3, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, si kidonge kimoja kwa siku tatu. Na saa ziandikwe kwa maneno. Karatasi ikisema 8:00, mmoja anakwenda saa mbili asubuhi na mwingine anafika saa nane mchana, foleni imekwisha.

Aliyepewa dawa ya usingizi asirudi peke yake. Mtu mzima amsindikize, na kwa siku nzima asiendeshe baiskeli wala pikipiki, asikae motoni kupika, asiachiwe mtoto mchanga. Kidonda kisipakwe majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala udongo, kwani pepopunda inatoka huko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji.

Rudini bila kungoja asubuhi mkiona haya: damu inalowesha bandeji tena na tena, homa, usaha au harufu mbaya, uvimbe mwekundu unaozidi, tumbo gumu na kutapika, kupumua kwa shida, kushindwa kukojoa, au mtu haamki vizuri. Na msidhani baada ya juma moja hatari imekwisha. Uchafu wa kidonda unaweza kujitokeza hata ndani ya siku 30.

La mwisho ndilo gumu. Mambo yakiharibika, ni kosa la nani? Tuwe wa haki. Si kila madhara ni uzembe. Mganga anaweza kufanya yote sawasawa na bado kidonda kikaoza. Uzembe ni pale alipotakiwa kufanya jambo ambalo kila mwenzake angelifanya, hakulifanya, na mtu akaumia kwa sababu hiyo. Hakuuliza jina. Hakupima uzito. Alimwacha mgonjwa kabla hajaamka. Na tukumbuke waganga wetu ni wachache, wengine wanafanya kazi tangu alfajiri bila kula. Kumtukana hakuponyi mtu.

Lakini kunyamaza nako hakuponyi. Tunajua kwa nini watu wananyamaza. Wanasema, "Nikilalamika watanifuta", au "mgonjwa wangu hatapokelewa tena", au "sisi wakimbizi ni wa kushukuru tu". Tunashukuru, ndiyo. Shukrani haizuii swali. Yule baba wa ngiri, mtoto wake alikwenda kwa mganga mfawidhi wa kile kituo, akamwamkia kwa heshima, akaeleza tarehe, saa na yaliyotokea, akaonyesha karatasi. Hakufutwa mtu. Siku hizi pale wanasoma maagizo kwa Kiswahili kabla mgonjwa hajatoka, na wanamwuliza, "Ukishindwa kukojoa utafanya nini?"

Kwa hiyo mkiwa na lalamiko, hifadhini karatasi zote, hata pakiti za dawa. Andikeni tarehe, saa, nani alikuwepo na alisema nini, mapema kabla hamjasahau. Anzeni kwa mganga mfawidhi. Mkishindwa kusikilizwa, nendeni kwa kiongozi wa kijiji, kwa ofisi ya ulinzi ya UNHCR, kwa watoa msaada wa kisheria. Na kwa jambo zito la daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo lenye kazi ya kupokea malalamiko.

Sisi walimu tuko shuleni kila siku ya masomo, baada ya vipindi vya mchana. Mwenye karatasi ya hospitali aje nayo, tutamsomea bila malipo. Lakini tunawaomba, msingoje jioni ya kupasuliwa. Njooni siku moja kabla, tuandike pamoja maswali yenu kwenye kipande cha daftari, mwingie nacho mkononi.

Tunawatakia wagonjwa wote afya njema, na wanaowahudumia nguvu. Mpaka mwezi ujao, kwaherini.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.